Mboga ziwe karibu na jiko

Ukipanda gari za Old Moshi pale Kiboriloni, mjini Moshi, mji haujaisha vizuri utakuta umeshaingia vihambani, yaani kwenye mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba zao. Kulia migomba, kushoto migomba, na mpaka wa mtu na mtu ni mstari wa mimea ya masale tu. Juu imetanda miti ya miringaringa na miruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na majani ya ng'ombe. Mgeni akifika hapo hutosheka. Hupiga picha ya migomba, na ya mlima kama mawingu yamefunguka. Mimi nimeolewa huko, na kwa miaka yote ninayopanda kumsalimia mama mkwe wangu nimezoea kutazama kwingine, nyuma ya jiko. Hapo, kati ya banda la ng'ombe na mahali pa kumwagia majivu, ndipo mnafu, ile mboga ya majani yenye uchungu, unapoota. Nenda nyumba hii, nenda na ile ya pili, utaukuta palepale.

Hakuna bwana shamba aliyewapangia hivyo. Ni akina mama wenyewe, bibi kwa mjukuu, walioona kwamba kila kinachohitajiwa na mnafu kinapita mlango wa jikoni. Majivu yanatoka jikoni. Maji yaliyooshea ndizi na mchele yanatoka jikoni. Samadi iko bandani, hatua chache tu. Na mama mwenyewe hutoka jikoni mara nyingi kwa siku, kumwaga maji, kuchukua kuni, kumwita mtoto, na kila akitoka jicho lake linapita kwenye mboga. Akiona jani limetobolewa anaona siku hiyohiyo. Kuku akiingia anafukuzwa kabla hajachakura.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanze na eneo kiasi gani, nami humuuliza: jiko lako liko wapi? Bustani ya nyumba yenye watoto wadogo hupimwa kwa hatua kutoka jikoni, ekari hazina kazi hapo. Ninao wenzangu wenye viwanja vizuri Mabogini, udongo mweusi, maji ya mfereji yanapita pembeni, lakini mchicha wananunua soko la Mbuyuni, kwa sababu saa kumi na mbili jioni mtoto ana homa na shamba liko mbali. Ninamjua pia mama wa chumba na sebule kule Majengo anayekula mboga yake mwenyewe mwaka mzima kutoka kwenye magunia yaliyopangwa kando ya mlango. Tofauti ya hawa wawili si bidii wala elimu.

Kihamba kinasifiwa sana siku hizi, na kinastahili. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Lakini sifa nyingi huishia kwenye kahawa. Kahawa ndiyo iliyolipa ada, ndiyo iliyozaa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, mwaka 1933, na kahawa ilikuwa ya baba. Mboga, ndizi na maziwa vilikuwa mikononi mwa mama. Bei ya kahawa ilipoporomoka, wengine wakaitelekeza mibuni, wengine wakaing'oa, na nyumba zikaendelea kula kwa sababu upande wa mama haukutikisika. Huwa naumia nikisikia historia ya Kilimanjaro ikisimuliwa bila jiko ndani yake.

Sasa niseme ya kwangu. Sisi tunaishi Msaranga, chini ya huko, ambako joto la Januari na Februari ni kali na udongo hauna ule unyevu wa mlimani. Nyuma ya jiko letu kuna nafasi ya mita tatu hivi kutoka ukutani hadi kwenye uzio. Baba watoto alipanga pawe banda la pikipiki. Tulizungumza, banda likaenda upande wa geti, na pale pakawa na matuta matatu. Kila tuta lina upana wa mita moja, kwa sababu ukichuchumaa upande wowote mkono unafika katikati na hakuna haja ya kukanyaga udongo. Kwenye nyumba yenye watoto hili lina maana kubwa. Ukimwambia mtoto "usikanyage mboga" atasahau mpira ukidunda tu. Ukiweka njia ya matofali, iliyo wazi na pana ya kutosha miguu yake, atapita njiani bila kuambiwa.

Udongo tuliulisha kwanza. Debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba, likachanganywa na udongo wa juu, likaachwa wiki mbili kabla mbegu haijaingia. Nasisitiza iliyooza. Samadi mbichi huunguza miche na hukuletea magugu yote aliyokula ng'ombe. Iliyooza haina joto ukitia mkono, haina harufu kali, na huoni tena jani la mgomba ndani yake. Ukikosa ng'ombe, waulize majirani wanaofuga ng'ombe wa maziwa. Mara nyingi wanatafuta mtu wa kuwapunguzia.

Tuta lililo mlangoni kabisa ni la mnafu na mchicha. La pili ni la sukuma wiki na chainizi kidogo, na mwisho wake kuna mboga ya maboga iliyotambaa kwenye uzio. La tatu, la mbali, ni la vitu vinavyosubiri: karoti, vitunguu, nyanya chungu. Mpangilio huu umetokana na saa. Narudi kutoka kazini saa kumi na moja na nusu, na saa kumi na mbili na nusu giza linaingia. Ndani ya saa hiyo moja kuna madaftari ya shule, maji ya kuoga, mdogo anayetaka kubebwa, na jiko lenyewe. Mboga inayohitaji safari haitachumwa, hata iwe nzuri namna gani. Inayochumwa kila siku ikae pale ambapo naweza kuifikia huku sufuria ya ugali iko motoni.

Kuchuma kwenyewe kuna ufundi wake, na ningependa niueleze taratibu kwa sababu ndipo wengi wanapoumaliza mnafu wao mapema. Natafuta ncha ya tawi, nahesabu majani mawili matatu kutoka juu, nabana shina kwa kidole gumba na cha shahada mahali ambapo bado ni laini. Likikatika papo hapo kwa mlio mdogo, limefaa. Likipinda na kubaki linaning'inia kwa gamba, limekomaa, naliacha, napanda juu kidogo. Pale nilipokata, kwenye kila kwapa la jani lililobaki hutoka chipukizi jipya, na wiki moja au mbili baadaye penye ncha moja pana ncha mbili au tatu. Maua nayo nayakata yanapoanza tu, maana mmea ukishageukia kuzaa hupunguza majani. Kichaka kilichokatwa hivi kinapanuka na kuwa kizito, na kinachumwa miezi kadhaa. Kinachopukutishwa majani ya chini huwa kirefu, chembamba, na kinakufa na maua kichwani.

Sukuma wiki ni kinyume chake. Unaanza na majani ya chini yaliyokomaa, unayavunja kwa kuyasukuma kuelekea ardhini ili yasichune shina, unaacha manne au matano ya juu mmea uendelee. Binti yangu wa darasa la pili ameushika huu utaratibu kuliko mtu mzima yeyote hapa nyumbani. Shangazi yake alikuja akaanza kukata ncha za sukuma, akasimamishwa palepale: "Shangazi, hiyo ni ya chini. Ya juu ni mnafu." Mchicha hauhitaji maelezo mengi. Unamwagwa kwenye mstari, unachipua ndani ya siku chache, na wiki tatu hadi nne unang'oa au unakata. Mimi humwaga kidogo kila baada ya wiki mbili ili usije wote kwa mpigo.

Kuhusu mbegu, sisi wa Kaskazini hatujui tulicho nacho mlangoni. Tengeru, ukishapita Usa River kuelekea Arusha, ndipo kilipo kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, World Vegetable Center, cha kanda ya Afrika Mashariki na Kusini, na hapohapo kuna taasisi ya utafiti ya serikali, TARI Tengeru. Mboga ambazo zamani zilihesabiwa magugu, mnafu, mgagani, mchicha, nyanya chungu, zimefanyiwa uchaguzi wa mbegu huko kwa miaka mingi. Ukisikia mnafu wa Nduruma au wa Olevolosi, hayo ni majina ya sehemu za Arumeru, na ni mnafu wa jani pana. Nyanya chungu nyeupe nayo inaitwa Tengeru White. Naona fahari kupanda kitu chenye jina la mahali ninapopita na basi.

Mbegu ya mnafu, hata hivyo, huhitaji kununua kila mara. Mama mkwe wangu huacha vichaka viwili pembeni visichumwe. Vitunda vikigeuka zambarau nzito inayokaribia weusi, anavikamua kwenye bakuli la maji, nyama inaelea na mbegu zinazama. Anamwaga maji, anazikanda mbegu na majivu, anazianika kivulini. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake. Neno moja kwa wenye watoto: vitunda vibichi vya kijani vina sumu, visiliwe. Wangu wanajua kwamba kwenye mnafu kinachoguswa ni jani, basi.

Tukija jikoni, hapo ndipo mimi na mama mkwe tulipokuwa na mjadala mrefu. Yeye huuchemsha mnafu, akamwaga maji, akaukaanga na kitunguu na kuumalizia na maziwa. Kliniki nilikokuwa nikimpeleka mdogo, muuguzi alitufundisha kwamba maji yale yanaondoka na vitamini C na foleti, tusiyamwage. Nikampelekea habari.

"Mama, kliniki wanasema yale maji ya mnafu tusimwage."

"Na uchungu nao watoto waule?"

Ni swali la haki. Mboga ambayo mtoto anaitema haina vitamini yoyote kwake. Nimezunguka na jambo hili mpaka nikapata njia inayowaheshimu wote wawili, na siri yake iko tena kwenye ukaribu wa bustani. Uchungu mwingi unakaa kwenye jani lililokomaa na lililoshinda na kiu. Ncha changa iliyochumwa jioni hiyohiyo, kwenye tuta lililomwagiwa maji jana, uchungu wake ni mdogo. Mnafu wa sokoni umechumwa jana, umefungwa, umenyunyiziwa maji, na mara nyingi ni majani makubwa maana ndiyo yanayojaza fungu. Kwa hiyo wangu siuchemshi kabisa. Nauosha kabla ya kukatakata, si baada, nachanganya na mchicha kiasi cha theluthi, nakaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta, natia mboga, nafunika dakika chache tu, namalizia na maziwa vijiko vitatu vinne. Mama mkwe alipokula kwangu hakusema kitu, akaongeza. Kwake ameendelea kuchemsha, na mimi nikiwa kwake ninakula uliochemshwa, maana mnafu wake una umri na jikoni ni kwake.

Mafuta hayo si ya ladha pekee. Rangi ya kijani kibichi ya mnafu, mchicha na majani ya maboga inaficha ile ya manjano inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, na haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Nyanya nayo, au limau la kukamulia mwishoni, husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye majani. Chai ya rangi pamoja na chakula hufanya kinyume, inayazuia. Kwetu chai sasa inanywewa asubuhi na saa kumi, mezani kuna maji. Kwa mama mjamzito na kwa binti aliyevunja ungo jambo hili dogo lina uzito, maana upungufu wa damu ni tatizo la kweli katika nchi yetu na si kila mtu hufika kliniki mapema.

Mdogo wetu alianza mboga miezi sita ilipotimia, kama tunavyofundishwa: mchicha uliopondwa pamoja na ndizi laini au kiazi, tone la mafuta, kwanza kijiko kimoja, kesho viwili. Usiku ule wa majaribio, wakati mtoto anataka kidogo sana, ndipo utaiona faida ya mboga ya mlangoni. Sokoni huwezi kununua majani matano. Bustanini unachuma matano.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu kuanzia miaka 10 ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, wa miaka 2 hadi 5 gramu 250. Nyumbani kwetu tuko wanne wa kundi la kwanza, pamoja na dada anayetusaidia kazi na mkubwa wetu wa darasa la sita, halafu binti wa miaka 8 na mdogo wa miaka 3. Jumla ni kilo 2 na gramu 200, kila siku inayoamka. Fungu la mchicha la shilingi 500 likishaiva kikaangoni linawatosha watu wawili au watatu. Kiangazi kikikaza fungu linapungua na bei inabaki palepale, wauzaji wenyewe hawana la kufanya. Piga hesabu ya mwezi na utaona kwa nini katika nyumba nyingi mboga ndiyo ya kwanza kupunguzwa pesa ikibana, na ugali unabaki vilevile. Matuta matatu hayatoi kilo zote hizo. Yanatoa mboga ya majani ya kila jioni. Ndizi, parachichi na mapera vinashuka kutoka kihambani kila mtu anapopanda kusalimia, na vinginevyo tunanunua. Lakini ile ya majani, ambayo ingekuwa ya kwanza kukatwa, haiko tena mikononi mwa bei.

Watoto na bustani. Watu huandika sana kwamba mtoto akipanda atakula. Wakati mwingine ni kweli. Mimi nasisitiza jambo lingine, kwamba mbegu iendane na subira ya umri wake. Karoti hukaa miezi mitatu hivi, na kwa mtoto wa miaka 3 hiyo ni milele. Atachimba aone. Mchicha akiumwaga Jumapili, kabla wiki haijaisha amepata cha kuwaonyesha watu. Karoti ni za wa miaka 8 na kuendelea, na hao watazipenda kuliko kitu chochote kwa sababu ya siku ya kung'oa. Zipandwe kwenye udongo uliolainishwa vizuri, usio na mawe wala samadi mpya, la sivyo zinagawanyika miguu. Mkubwa wangu ndiye mwenye zamu ya maji jioni, na ni kazi, simwiti msaidizi. Anajua tuta gani limekunywa na lipi halijanywa, na hilo limempa sauti mezani.

Kuku wa jirani ni mtihani wa kweli. Wakiingia robo saa, mstari wa mchicha umekwisha. Uzio wa matete ulioshonwa chini kwa waya mwembamba umetutosha, mradi matete yazamishwe ardhini, maana kuku hapiti juu kama anaweza kupita chini. Na kwa jirani mwenyewe tumefungua mlango: fungu la mboga linakwenda kwake, mfuko wa mbolea ya kuku unakuja kwangu. Mbolea ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, inalazwa mpaka ioze kabisa ndipo iguse mmea.

Wadudu nao wana wakati wao. Vidukari hupenda sukuma wakati wa ukavu. Wanajificha chini ya jani kwenye mshipa wa katikati, weupe wa kijivu, wamebanana, na jani linajikunja kuwafunika. Kwa kuwa ninalipindua kila jani ninapochuma, nawaona wakiwa wachache, nawapangusa kwa kidole au kwa maji yenye sabuni kidogo, asubuhi natupia majivu umande ukiwa bado upo. Vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi visiguswe, chakula chao ni vidukari. Sumu ya dukani sijaiingiza kwenye matuta haya, kwa sababu kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, na mboga inayochumwa kila jioni haina siku ya kusubiri.

Kwa nyanya ushauri wangu ni mfupi: mwenye watoto wadogo na tuta moja awaachie wakulima wa nyanya. Tangu kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, alipoonekana nchini mwaka 2014, kwa mara ya kwanza huko Arumeru, nyanya inadai ulinzi wa kila siku. Halafu baridi na ukungu wa Juni na Julai unaleta ugonjwa wa bakajani. Najua wanawake hodari wa Kibosho wanaozimudu, na nawavulia kofia. Nafasi ileile ikiwa na mnafu itakulisha mara nyingi zaidi.

Kiangazi ndicho kinachopima bustani. Kule juu mama mkwe alikuwa na zamu ya mfongo, ule mfereji wa wazee ulioteremsha maji ya mtoni kihamba kwa kihamba, na mifongo mingi siku hizi maji yake yamepungua au imeachwa. Sisi wa mjini tuna bomba na bili yake. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, matuta yetu yameinuliwa maji yasisimame. Mvua zikikatika nayashusha: nachota udongo wa katikati kuuweka ukingoni, tuta linakuwa chini ya usawa wa njia, na kila ndoo inayomwagwa inabaki pale pale kwenye mizizi. Juu natandika majani makavu ya mgomba, ambayo kwetu yanapatikana bure. Namwagia jioni, kwenye shina, si juu ya majani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yote yanakwenda bustanini. Ya vyombo yenye sabuni nyingi na mafuta yanabaki kwenye shimo lake.

Mpangaji asiye na ardhi asiyasome haya na kufunga ukurasa. Gunia la kilo 100 linatosha. Chukua kopo kubwa lililotobolewa pande zote mbili, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo uliochanganywa na samadi, sehemu mbili kwa moja. Vuta kopo juu, jaza tena kokoto na udongo, endelea hivyo mpaka juu. Nguzo ya kokoto inayobaki katikati ndiyo njia ya maji, bila hiyo mboga za chini zinakufa kwa kiu huku za juu zinaoza. Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, shindilia miche ya sukuma au mnafu kila tundu, na juu panda mchicha. Ukihama nyumba, gunia linapanda kwenye Guta pamoja na kitanda.

Vuli ya mwaka huu nataka nijaribu mgagani kwenye tuta la pili, maana unavumilia ukavu na nimepata mbegu kidogo kutoka kwa mama mmoja wa Tengeru siku ya soko, Jumamosi. Binti anataka tuta la tatu lote liwe la karoti. Tumekubaliana nusu, nusu nyingine ni ya vitunguu, na Jumapili tukitoka kanisani tunapanda kihambani kuchukua samadi.